Mtu wa Kumwambia

Ukipanda matatu ya 237 kutoka Thika au 145 kutoka Ruiru, huingii katikati ya Nairobi kabla ya kuipita Hospitali ya Mathari. Ilifunguliwa mwaka 1910, miaka 3 kabla ya reli kufika Thika. Mahali palipokuwa pa kuwatenga wagonjwa wa ndui serikali ya kikoloni ilipageuza pa kuwafungia walioitwa vichaa. Mwaka 1924 hospitali ikapewa jina la Mathari, jina ambalo kila mtoto wa Kiambu analijua hata kama hajawahi kuliona lango lenyewe. "Endelea hivyo tutakushukisha Mathari." Nimeisikia kauli hiyo kwa makanga, nikaisikia kwa wazazi, nikaisikia kwa mwalimu mwenzangu mbele ya darasa zima.

Nimefundisha shule za sekondari Thika tangu mwishoni mwa miaka ya themanini mpaka nikastaafu, na muda mwingi nilikuwa pia mwalimu wa ushauri nasaha. Siku hizi naishi Ruiru, na vijana ninaozungumza nao nawaona kwenye kioo cha simu. Nimeona jinsi jina la hospitali hiyo linavyofunga midomo. Kijana wa miaka 15 ambaye moyo unamwenda mbio na jasho linamtoka kila anapoitwa kusoma kwa sauti anajua akisema atacheka nani, na atapachikwa jina gani. Basi ananyamaza. Kwa hiyo historia ya hofu ya vijana wa huku haipatikani katika rejista za wodi. Mimi nimeitafuta kwa njia nyingine, kwa kuuliza: zamani kijana akishikwa na hofu isiyomwachilia, alimwambia nani?

Wakikuyu walikuwa wamemwekea mtu. Jomo Kenyatta, katika kitabu chake Facing Mount Kenya cha mwaka 1938, anaeleza kwamba kila aliyeingia irua, yaani tohara, alikuwa na mutiri wake. Mutiri hakuwa baba wala mama. Alikuwa ni mtu aliyekwisha kupita njia ile ile, akasimama nyuma ya kijana na kumshika siku ya kisu, kisha akamtunza mpaka kidonda kikapona, huku akimfunza mambo ambayo mzazi angeona haya kuyatamka. Uhusiano wao ulihesabiwa kama wa mzazi na mwana. Sisemi haya kwa kuzitamani siku zile. Kwa wasichana kisu hicho kilikuwa ukeketaji, na sheria ya mwaka 2011 imeuharamisha, nami nasema ulichelewa kuharamishwa. Kwa wavulana, kulia siku ile kulikuwa fedheha kwa jamaa yote. Lakini ndani ya ukali huo mlikuwa na jambo moja la hekima: jamii ilikubali kwamba mtu wa umri ule ana hofu, na ikampa wa kuwa naye. Leo wavulana wetu hupelekwa hospitalini likizo ya Desemba, na makanisa, PCEA likiwa mbele, huwakusanya kwa mafunzo baada ya kutahiriwa. Pengine mutiri yupo bado, akija na soda na mkate. Ila mara nyingi kazi yake huishia siku ya sherehe.

Mama yangu hakupata hata huyo. Mwaka 1954 alikuwa na miaka 12, serikali ya kikoloni ilipochoma nyumba za watu wa kwao wakati wa vita vya Mau Mau na kuwasukuma katika kijiji cha Hali ya Hatari. Zaidi ya watu milioni 1 wa Mkoa wa Kati walihamishwa hivyo. Wanawake na wasichana walichimba handaki la kukizunguka kijiji chao wenyewe, wakapanda humo vijiti vilivyochongwa ncha. Pale kwao filimbi ya homugadi, mlinzi wa serikali, ndiyo iliyosema lini watu waamke, lini waende kuchimba, lini warudi ndani. Mpaka anazeeka, filimbi ya refa kwenye uwanja wa shule ilitosha kumfanya mama aache chungu motoni akaketi chini, vidole vikimtetemeka, macho yakiutazama mlango. Sisi watoto tulijua tu kwamba mama hapendi filimbi. Tulizizuia zisiingie nyumbani, basi. Hapakuwa na mtu wa kumuuliza anaona nini pale mlangoni.

Mwaka huo huo wa 1954 serikali ilitoa kijitabu kiitwacho The Psychology of Mau Mau, kilichoandikwa na Daktari J. C. Carothers. Huyu alikuwa ameiongoza Mathari kuanzia 1938 hadi 1950, na alipoanza hakuwa amesomea magonjwa ya akili. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilikuwa limechapisha kitabu chake juu ya akili ya Mwafrika, ambamo alishikilia kwamba huzuni iliyo ugonjwa ni nadra kwa watu weusi. Kabla ya hapo alikwisha kuandika akilinganisha ubongo wa Mwafrika na wa Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo. Nilimsoma nikiwa mtu mzima, na sikuweza kumaliza kwa mkao mmoja. Matusi tumeyazoea. Kilichoniuma ni kwamba, safari ya saa chache kutoka pale alipokuwa na ofisi, watoto walikuwa wakiganda kwa sauti ya filimbi, na elimu rasmi ya nchi ikawa imekwisha kuamua kwamba watu wa aina yao hawaumwi hivyo. Uamuzi huo haukufa na ukoloni. Mara nyingi mzazi ameniambia, kwa Kikuyu safi, kwamba wasiwasi ni ugonjwa wa Wazungu. Hajui kwamba Mzungu ndiye aliyetangulia kuliandika hilo.

Baada ya uhuru Thika ilikua haraka. Mananasi yaliingia makoponi, nyuzi zikafumwa Thika Cloth Mills, mafundi wa mabati na sabuni wakaajiriwa, na mabweni ya shule yakajaa watoto kutoka kila pembe ya nchi. Mwaka 1971 Wizara ya Elimu ilianzisha kitengo cha ushauri nasaha. Nia ilikuwa njema, ila kazi yake kubwa shuleni ilikuwa kumwelekeza kijana asomee nini na aajiriwe wapi. Hofu ilikuwa kazi ya kiboko. Mtoto aliyetoroka siku ya mdahalo, aliyejificha chooni wakati wa gwaride, aliyekataa kwenda uwanjani kwa sababu kuna mbwa wa bawabu, huyo alikuwa mkaidi, na ukaidi ulikuwa na dawa yake inayojulikana. Kisha 1985 ukaja mfumo wa 8-4-4 na mtihani wa KCPE, na nchi nzima ikajifunza kumpima mtoto wa miaka 14 kwa alama zilizotangazwa redioni. Sidhani kuna kitu kilichoongeza mapigo ya moyo ya watoto wa Kenya kuliko matangazo yale.

Mwaka 2001 ulitubadilisha kwa uchungu. Usiku wa kuamkia Machi 26 wavulana 67 waliungua bwenini Kyanguli, Machakos, na moto ulikuwa umewashwa na wanafunzi wenzao. Mwaka huo huo serikali ikapiga marufuku viboko shuleni, na Bunge likapitisha Sheria ya Watoto. Ghafla kila mkuu wa shule alitakiwa awe na mwalimu wa ushauri anayeweza kumwonyesha mkaguzi. Kwetu nilikuwa mimi. Sikupunguziwa kipindi hata kimoja. Nilikuwa nimekwisha kujilipia kozi ya Jumamosi jijini, maana vituo vya kufundisha kazi hii vilikuwa huko. Amani, kilicho kikongwe miongoni mwao, kilianzishwa 1979.

Chumba nilichopewa kilikuwa stoo ya vitabu vilivyochakaa, na mlango wake ulitazamana na ofisi ya naibu wa mwalimu mkuu. Yeyote aliyeingia kwangu alionekana na foleni nzima ya waliongoja adhabu. Wasichana walikuja wakijifanya wanaleta madaftari ya kusahihishwa. Mmoja wao, wa kidato cha pili, alikuwa hawezi kula mbele ya watu. Bwaloni koo lilimkaza, aliona kila jicho liko kinywani mwake. Alingoja wenzake wamalize, akaingia, akakuta sufuria tupu, akaandikwa kwenye kitabu cha wachelewaji. Alikuwa akikonda. Nesi wa shule alimpa dawa za minyoo, halafu za vidonda vya tumbo. Hakuna aliyemuuliza anaogopa nini, kwa sababu hakuna aliyefikiri kwamba mtu anaweza kuogopa githeri.

Tulianza kwa kula pamoja ndani ya stoo, mimi na yeye, mlango ukiwa umefungwa. Alipozoea, akamleta rafiki mmoja. Kisha tukafungua mlango. Kisha wao wawili wakahamia meza ya pembeni bwaloni, dakika za mwisho za chakula cha jioni, na kila wiki wakatangulia kidogo. Muhula ulipokwisha alikuwa akipanga foleni na wengine. Bado alikuwa anaogopa, ila alikuwa anakula.

Njia hiyo haikuwa yangu. Mwaka 1924 Mary Cover Jones, mwanasaikolojia wa Marekani, aliandika habari za mtoto aitwaye Peter aliyeogopa sungura. Mtoto aliwekwa mahali akipewa chakula anachokipenda, sungura akiwa ndani ya tundu upande wa mbali, na siku hadi siku tundu likasogezwa, mpaka Peter akamshika sungura kwa mkono wake. Miaka ya vita vya pili vya dunia Joseph Wolpe, daktari wa Johannesburg, alikuwa akiwatibu wanajeshi wa Afrika Kusini waliovurugwa na vita, akaona dawa haziwatoshi. Alikuja kuijenga njia yake hatua kwa hatua, akaitoa katika kitabu mwaka 1958: mgonjwa anafundishwa kuutuliza mwili, anaziandika hofu zake kuanzia ndogo hadi kubwa, kisha anazipanda moja moja akiwa ametulia. Napenda kuwatajia vijana wangu kwamba daktari huyo alitokea bara letu. Wao hudhani mambo haya yote yametoka ng'ambo.

Na wale wanaoniambia kwamba matibabu ya mbali si matibabu, huwatajia Hans. Huyo alikuwa mtoto wa Vienna aliyeogopa farasi kiasi cha kushindwa kutoka nje. Sigmund Freud aliandika habari zake mwaka 1909, lakini katika matibabu yenyewe alimwona mara moja tu. Baba wa mtoto ndiye aliyekuwa akizungumza naye nyumbani na kumpelekea Freud taarifa. Mengi aliyoyaamua Freud kuhusu mtoto yule mimi siyakubali. Ila jambo la kumsaidia mtoto mwenye hofu kwa maneno yanayosafiri lilianza kabla bibi zetu hawajaiona simu.

Kwetu maneno yalianza kusafiri kwa gazeti. Taifa Leo lina safu ya Shangazi Akujibu, na katika mabweni niliyoyasimamia kurasa hizo zilisomwa hadi zikachanika mikunjo. Maswali mengi yalikuwa ya mapenzi, lakini wasichana walikuwa wakisoma pia namna ya kuuliza bila kujulikana. Kisha ukaja mwaka 2006, Childline Kenya wakafungua namba 116 ambayo mtoto anaipiga bila kulipa. Niliiandika kwa chaki kwenye ubao wa matangazo. Ilifutwa. Nikaiandika tena, safari hii kwa rangi.

Vitu vitatu vilivyofuata havikuletwa na daktari wala mwalimu. Mwaka 2009 nyaya za intaneti za chini ya bahari zilifika Mombasa. Agosti 2010 kampuni ya simu ya Zain ilishusha bei ya kupiga simu hadi shilingi 3 kwa dakika, wengine wakalazimika kufuata, na kuzungumza kwa muda mrefu hakukuwa tena anasa ya wenye mshahara. Mwaka 2013 WhatsApp ikaleta ujumbe wa sauti. Hiki cha tatu watu hukipuuza. Kijana mwenye wasiwasi huogopa kupiga simu, maana upande wa pili kuna mtu anayengoja jibu sasa hivi. Ujumbe wa sauti anaurekodi, anaufuta, anaurekodi tena, anautuma saa 5 usiku. Nimesikia ndani ya jumbe hizo mambo ambayo katika stoo yangu ya vitabu hayakutamkwa miaka yote.

Hata hivyo sikuwa nimeifanya simu kuwa kazi mpaka 2020. Tarehe 15 Machi ilitangazwa kwamba shule zinafungwa. Tarehe 6 Aprili Rais Uhuru Kenyatta akazuia watu kuingia na kutoka eneo la jiji la Nairobi, na kwa upande wetu mpaka ukawekwa kwenye daraja la mto Chania, pale Thika karibu na Hoteli ya Blue Posts. Polisi walisimama pale mpaka Julai 7. Ng'ambo ya daraja ni Murang'a. Soko, hospitali na jamaa za watu wa Gatanga viko Thika, na sasa daraja walilolivuka kila siku lilikuwa mwisho wa nchi.

Msichana mmoja wa Gatanga alikuwa akinawa mikono hadi ngozi ya viganja ikachubuka na kutoa damu. Nchi nzima ilikuwa ikihimizwa kunawa, kwa hiyo nyumbani walimsifu mwanzoni. Alipoanza kukataa kumgusa mdogo wake, na kulala kwenye kiti ili asiguse shuka, mama yake akanipigia. Isingewezekana aje kwangu wala mimi niende kwake. Tulikubaliana saa, naye akapanda mahali pa juu karibu na kituo cha kununulia majani chai, maana huko ndiko mtandao ulikoshika. Tuliiandika ngazi yake pamoja: kushika kitasa cha mlango na kukaa dakika 5 bila maji, kisha dakika 15, kisha kukunja shuka, kisha kumsuka mdogo wake nywele. Kila ngazi aliipanda nikiwa namwona, na hofu ilipopanda hadi kileleni, nilimwambia aendelee kunitazama na kuhesabu pumzi mpaka ishuke yenyewe. Hushuka. Mwili hauwezi kukaa kileleni milele, na hili ndilo jambo ambalo kijana hawezi kuliamini kwa kuambiwa. Lazima alishuhudie kwake mwenyewe.

Pale niligundua faida ambayo chumba changu cha shule hakikuwa nayo. Kwa simu mshauri anaweza kuwapo mahali hofu yenyewe ilipo. Mvulana mmoja wa Ruiru alikuwa hawezi kupanda daraja la waenda kwa miguu juu ya Barabara ya Thika. Barabara hiyo kuu ilifunguliwa Novemba 2012, yeye akiwa mtoto mdogo, kwa hiyo hajui Ruiru isiyo na daraja. Kwa hofu ya kupanda alikuwa akivuka chini, katikati ya magari yanayokimbia, na huo ndio mfano wa jinsi hofu inavyoweza kumpeleka mtu penye hatari ya kweli. Katika chumba changu tungezungumza juu ya daraja. Kwenye simu tulilipanda. Siku ya kwanza vidato vichache, simu ikiwa imetazama viatu vyake, sauti yangu sikioni kwa waya. Nilisikia malori, wauza njugu, na pumzi yake. Wiki kadhaa baadaye alinitumia picha ya magari aliyoipiga akiwa juu.

Ruiru yenyewe si ule mji nilioufahamu nikija kama mwalimu kijana. Hapa ndipo ilipotoka kahawa ya Ruiru 11 mwaka 1985, na mashamba yalifika hadi kando ya lami. Yamekatwa ploti. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 490,120, wengi wao ndani ya ghorofa ambazo ukuta wake hauzuii hata kikohozi. Familia ya watu watano katika bedsita haina kona ya siri. Vijana wangu huzungumza nami wakiwa juu ya paa penye kamba za nguo, au kwenye ngazi za ghorofa, au ndani ya gari la baba lililoegeshwa. Wengine hawasemi kabisa, wanaandika tu, na mimi naandika, saa nzima, kwa sababu kaka yuko kitanda cha juu. Bando la saa moja likikaribia kwisha wananiambia kwaheri mapema. Nimejifunza kuanza na jambo zito, mazungumzo mepesi tunayaacha mwisho.

Na kuna ambao simu haiwatoshi. Kijana anayesema anataka kufa, simwachi mikononi mwa mtandao; namtafuta mtu mzima wa karibu na tunaonana ana kwa ana, hospitalini. Kwa muda mrefu hata hatua hiyo ilikuwa na mwiba, kwa sababu kifungu cha 226 cha sheria ya adhabu kilifanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, na familia ziliogopa polisi kuliko kifo. Januari 2025 Mahakama Kuu ilitangaza kifungu hicho kuwa kinyume cha Katiba. Siku ile niliwapigia simu wazazi wawili watatu ambao nilijua walikuwa wamewaficha watoto wao. Tulilia, na tulifurahi.

Wako wanaotumaini kwamba programu itamsaidia kijana bila mtu yeyote upande wa pili. Kwao ninayo matokeo ya hapa hapa nyumbani. Tom Osborn, kijana wa Kenya, alianzisha taasisi ya Shamiri mwaka 2018. Yeye na wenzake walijaribu somo la kompyuta la kikao kimoja kwa wanafunzi 103 wa sekondari, wakatoa matokeo 2020: wiki mbili baadaye dalili za huzuni zilikuwa zimepungua zaidi kwa waliopata somo lile, lakini kwa wasiwasi hakukuwa na tofauti. Jaribio lao lingine lilikuwa la wanafunzi 413 wenye dalili za huzuni au wasiwasi, katika shule za Nairobi na Kiambu yetu hii, nalo likachapishwa 2021 katika jarida la JAMA Psychiatry. Humo hakukuwa na kompyuta. Vijana waliomaliza sekondari juzi, wenye miaka kati ya 17 na 21, waliwaongoza wanafunzi katika vikundi vidogo, saa moja kwa wiki, wiki nne. Safari hii huzuni ilipungua na wasiwasi ukapungua pia, na tofauti ilikuwa bado inaonekana miezi 7 baadaye.

Nimekaa na matokeo hayo muda mrefu. Watafiti huwa waangalifu, na najua majaribio mawili hayatoshi kufunga mjadala. Lakini mimi nimeishi na vijana hawa, na naiona sura ya mutiri mle ndani. Yule kiongozi wa miaka 19 si mzazi, si mwalimu, si daktari wa Mathari. Jana tu alikuwa amevaa sweta ile ile ya shule. Akisema "hata mimi nilikuwa natetemeka," kijana anamwamini, kwa sababu anaweza kuhesabu miaka iliyopo kati yao kwa vidole vya mkono mmoja. Hofu ya macho ya watu haiishi mahali pasipo na macho. Lazima kuwe na mtu, na mtu huyo anaweza kuwa upande wa pili wa kioo, ila awe mtu.

Wazazi huniuliza kama sheria inaruhusu mtoto kuzungumza nami bila wao kusikia. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, kifungu cha 33, inataka ridhaa ya mzazi kabla ya kuchukua taarifa za mtoto, lakini imeacha mlango kwa wale ambao kazi yao ni ushauri au ulinzi wa watoto peke yake. Mimi bado humwomba mzazi ridhaa, karibu kila mara. Mama mmoja aliniambia, "Mwalimu, nitalipia vipi mazungumzo nisiyoyajua?" Nikamwuliza kama alipokuwa na miaka 15 alimwambia mama yake kila kitu. Alikaa kimya kidogo, akasema, "Nilimwambia shangazi." Nikamwambia, basi kwa sasa mimi ndiye shangazi.

Ukuta mkubwa uliobaki ni kengele ya kufungua muhula. Shule za bweni haziruhusu simu kwa mwanafunzi, na sababu zao nazijua, nimezitetea nikiwa kazini. Simu ya kabambe inayofichwa ndani ya godoro haileti ushauri nasaha. Lakini matokeo yake ni kwamba kijana aliyepanda ngazi nne Aprili anakatiwa sauti Mei, mwezi ambao mitihani, bwalo na gwaride vinamngoja. Agosti tunarudi nyuma ngazi mbili kabla ya kuendelea. Kwa watoto wa shule za kutwa hali ni nafuu, nao huendelea vizuri zaidi, na sidhani ni kwa sababu wana hofu ndogo.

Kwa hiyo nimekuwa nikizunguka kwa wakuu wa shule za Thika na ombi moja: chumba chenye kompyuta na mlango usiotazamana na ofisi ya naibu, ambacho kwenye ratiba kinaitwa maktaba, na ambamo mwanafunzi anaweza kuketi saa moja kwa wiki akiongea na mtu wa nje. Wengi wamenipa chai na kuniahidi kulipeleka kwenye bodi. Mkuu mmoja amekubali kujaribu, Jumatano wakati wa michezo, kwa sharti kwamba watakaokuwa upande wa pili wawe wamesoma shule hiyo hiyo. Tayari tumepata vijana wa chuo kikuu, wa kike na wa kiume, na mmoja wao katika kujieleza aliandika kwamba kidato cha kwanza chote alikula akiwa amesimama nyuma ya jiko. Mafunzo yao yanaanza Jumamosi hii sebuleni kwangu.